Kasi Aliyoiona Praygod

Kambi ya Barabara, Same
12 Machi 1995

Dada yangu Hedwiga,

Shikamoo. Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu niondoke Mbuji na kukuachia binti yangu Tadea umlee huko Lipingo. Naihesabu kila Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mgongo unaniruhusu kukaa na kufikiri. Mimi mzima, ila mabega yamechoka. Tunamwaga kokoto, tunasambaza, tunashindilia, na lami inatufuata nyuma kama mwenye deni. Msalimie sana shemeji Aidan. Niliota nakula usipa, wale samaki wadogo wa ziwani kwenu, wa kuchemsha na ndimu, nikaamka nikiwa na hasira na mpishi wetu Adrian, ambaye hana kosa lolote.

Barua yako imefika. Nimesoma kwamba Tadea ameposwa na kijana wa Litumbandyosi, na kwamba harusi ni Jumamosi tarehe 30 Septemba, parokiani kwetu. Nimefurahi. Umeniuliza kama nitakuja. Nitakujibu.

Kwanza nikueleze jambo. Mwezi uliopita nyani alikuja kuiba unga jikoni. Nikaokota kokoto nikamtandika nalo ubavuni akiwa mbali, karibu na tangi la maji. Injinia wetu, Mjapani anayeitwa Bwana Mori, aliniona. Akapima mwendo kwa miguu, akarudi, akaniambia, "Fanya tena." Nikasema nyani ameshaondoka. Akanipa mpira mdogo mgumu, mweupe, wenye nyuzi nyekundu.

Wana mchezo wao unaoitwa besiboli. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anasimama mbali na rungu la mbao anataka kuupiga. Akikosa mara tatu ametoka. Akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia, panaitwa nyumbani, na hiyo ni pointi moja; wakitoka watatu, zamu ya timu yao imekwisha. Nyuma ya mwenye rungu amechuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa kama mkate. Kwetu sisi ni huyo huyo Adrian. Wajapani ni wachache, kwa hiyo timu wanaijaza kwa vibarua. Mrushaji wao amerudi kwao, na sasa mrushaji ni mimi.

Shida ni hii. Mkono wangu una nguvu, nimefukuza ngedere shambani tangu utoto, lakini nina miaka arobaini na minne na mpira wangu wanaupiga. Nikakumbuka rede. Wewe ulikuwa bingwa wa rede shule nzima. Yule aliyesimama katikati mkimlenga hakuwa na ujanja wa kuukwepa mpira wako. Na mwenzako Kunigunda alikuwa anarusha kwa nguvu kukushinda, wote tulijua, lakini aliyeogopwa ulikuwa wewe. Ulikuwa unafanyaje?

Mdogo wako,
Wendelin

---

Lipingo
23 Aprili 1995

Mdogo wangu Wendelin,

Marahaba. Sisi wazima. Pasaka imepita salama. Aidan amepasua wavu kwenye miamba, na sasa anaushona barazani akiimba tenzi za Kianglikana kwa sauti mbaya ili na mimi Mkatoliki niliyehamia kwake niteseke. Usipa ni wengi mwezi huu, tumetandaza mpaka mlangoni. Tadea mzima. Amenenepa kidogo, mchumba ametuma salamu mara mbili.

Sasa wewe, una akili? Nakuuliza harusi unanijibu mpira. Mtoto hana mama. Hildegardi tulimzika mwaka ule ule ulioondoka. Binti anatolewa nyumbani kwa baba yake, na baba yake anarushiana mipira na Wajapani. Kaka yetu Damiano amesema usipokuja atasimama yeye. Ameshanunua koti la mtumba pale Mbinga sokoni, la kijivu, na analivaa hata kwenda shambani kwenye kahawa ili "lizoee mwili".

Jibu: unakuja au huji?

Dada yako,
Hedwiga

Ficha mpira. Mjinga gani anamwonyesha mtu mpira kabla ya kumrushia?

---

Kambi ya Barabara, Same
14 Mei 1995

Dada Hedwiga,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne, na ule mstari wa chini kabisa nimeusoma mara kumi. Poleni kwa wavu. Hapa joto limepungua kidogo, lakini mzee mmoja wa kusukuma toroli ameanguka juzi, wamempeleka hospitali, anaendelea vizuri. Mimi nimehamishiwa sululu.

Ulichosema ni kweli. Nilikuwa nashika mpira mbele ya tumbo kama mtu anayekula embe, mpigaji anautazama tangu mwanzo. Sasa naushikilia nyuma ya paja, mkono unapita karibu na sikio, na mpira unatokea ghafla pembeni ya kichwa changu. Bwana Mori alishika rungu mwenyewe, akakosa, akauliza, "Umekula nini leo?" Nikamwambia maharage yale yale.

Lakini nilifanya kosa ambalo utacheka. Nilikuwa nawaza rede, nikalenga mtu. Karani wetu wa stoo alisimama na rungu, nikamtandika mbavuni, puu! Nikanyanyua mikono juu, nikapiga kelele, "Ametoka! Ametoka!" Nikazunguka uwanja mzima nikishangilia. Niliporudi, karani yuko chini, na Wajapani wote wananitazama. Kumbe kwao ukimpiga mtu, yeye ndiye anayefaidika, anakwenda kituo cha kwanza bure. Adrian alicheka mpaka glavu ikamtoka. Tangu siku hiyo karani akinipa sabuni ananikatia kipande kidogo.

Jambo la pili. Hapa ardhi ni tambarare kama meza, na mimi nilijifunza kurusha nikiwa juu ya mteremko, ngedere wako chini kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba shambani kuzuia maji yasibebe udongo. Kwenye tambarare najikwaa. Bwana Mori akasema hata sheria yao inataka mrushaji asimame juu ya kilima kidogo, ila hakuna aliyekijenga. Nikachukua sepetu nikajenga, nikashindilia kama tuta la kwetu. Nikipanda pale miguu inakumbuka. Navuta hatua ndefu kama mtu anayeruka shimo la ngoro. Bwana Mori akapima kwa utepe akasema hatua yangu imeongezeka futi nzima. Maana yake mpira unatoka mkononi ukiwa karibu zaidi na mpigaji, na yeye amepungukiwa muda wa kuutazama. Nguvu ni ile ile.

Bado wanaupiga wakishauzoea. Mara ya kwanza wanakosa, mara ya tatu wanaupiga. Nifanye nini?

Habari ya harusi nimeisikia. Mwambie Damiano asilichoshe koti.

Wendelin

---

Lipingo
11 Juni 1995

Wendelin,

Marahaba. Meli imechelewa wiki mbili, barua yako imekuja na gunia la sukari la mwalimu Eunice, imenata. Aidan ana homa, lakini anakula, kwa hiyo sina wasiwasi. Tumeanza kuvuna mihogo.

Nimecheka habari ya karani mpaka Aidan akatoka kitandani kuuliza nani amekufa. Halafu nikakasirika. "Habari ya harusi nimeisikia." Hata habari za redio husikiwa!

Nikaenda uwanja wa shule jioni, mimi na akina mama watatu, tukatengeneza mpira wa matambara tukacheza rede ili nikumbuke mkono wangu ulikuwa unafanya nini. Wanafunzi walituzunguka wakapiga makofi. Dorothy, mke wa katekista, alisimama katikati akisema, "Mama Mkwe, wewe umezeeka, rusha tu!" Nilimrushia mmoja, akabaki ameshika kalio.

Sikiliza. Wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja, hakuna anayetazama mchi wa mwenzake. Kila mmoja anausikia mdundo na anaweka mchi wake mahali pake. Mpigaji wako naye hatazami mpira. Anausikia mdundo wako: moja, mbili, anazungusha rungu. Ukirusha yote sawasawa unamtwangia. Kwa hiyo mvurugie kinu. Mkono uende mbio zile zile, uso uwe ule ule wa hasira, lakini mpira uuzamishe ndani ya kiganja badala ya kuushika kwa vidole. Utatoka umelegea kama uji. Yeye atazungusha rungu kabla haujafika. Ukimpa huo, ule wa kasi unaofuata utaonekana umepigwa na bunduki. Kunigunda alikuwa na mkono mmoja tu, wa nguvu. Mimi nilikuwa na miwili ndani ya mmoja.

Kuna siri ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inawaliza. Siandiki. Nimeibakiza. Wewe una jambo unalonificha na mimi nina langu. Ukijibu la harusi nitajibu la mpira.

Damiano sasa amenunua na kofia.

Hedwiga

---

Kambi ya Barabara, Same
9 Julai 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini shemeji amepona. Mimi mzima, ila malengelenge ya mikono yamekuwa magumu kama kwato.

Umenishinda. Nakuambia.

Likizo zote zimefutwa. Mkubwa wa kazi anataka lami ivuke daraja kabla ya mvua za vuli. Nilikwenda ofisini Februari kuomba siku kumi na nne kwa ajili ya harusi, kabla hata barua yako rasmi haijafika, kwa sababu Tadea alikuwa amenitumia neno kupitia kwa dereva wa lori. Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Njoo." Ofisini wakanicheka. Wakasema ukitoka geti usirudi, vijana wanaosubiri kazi wamejaa nje. Nami nikiacha kazi kabla ya mkataba kuisha, nitakuja kwenye harusi ya mwanangu mikono mitupu, nimefukuzwa, na wazee wa Litumbandyosi watajua.

Wiki ile ile ndipo nyani akaja. Bwana Mori aliniambia hivi. Kambi ya daraja imeishinda kambi yetu miaka mitatu mfululizo katika mchezo huu, na injinia wao humcheka kila wanapokutana. Safari hii wamewekeana ahadi mbele ya mkubwa wa kazi: timu itakayoshinda, wachezaji wake wote wanapewa likizo ya siku kumi na nne, kazi wanafanya wengine. Mchezo ni Jumapili tarehe 10 Septemba. Sasa unaelewa kwa nini nakuuliza mpira.

Sikukuambia kwa sababu ya aibu. Mtu mzima aandike kwamba atakuja kwenye harusi ya mwanawe kama atarusha mpira vizuri? Hata mimi mwenyewe nikijisomea nacheka.

Na kuna lingine. Siku niliyoondoka sikumuaga Tadea. Unajua, maana ulinikuta barabarani. Alikuwa ameenda kisimani. Nilimsikia akirudi anaimba, nikachukua begi nikapita nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni. Nyumba ilikuwa bado na nguo za mama yake ukutani, sikuweza. Tangu wakati ule hajaniandikia hata mstari, na nilistahili. Kisha akatuma lile neno moja. Damiano akisimama mahali pangu na koti lake, sitakuwa na uso wa kurudi tena Mbuji, hata mkataba ukiisha.

Tafadhali usimwambie. Nikishindwa asijue kwamba nilikuwa nimeahidi kitu.

Ule mpira wa uji unafanya kazi. Karani alizungusha rungu akaanguka mwenyewe. Kipande cha sabuni kimepungua tena.

Wendelin

---

Lipingo
6 Agosti 1995

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Aidan amepona, ameanza tena kuimba. Ziwa limechafuka wiki hii yote kwa upepo, hakuna aliyeingia, tunakula mihogo na majani.

Uliniomba nisimwambie Tadea. Nimemwambia. Ukasirike ukitaka. Nilimsomea barua yako yote, na lile la kisimani. Alikuwa anaparua magamba ya samaki. Hakunyanyua uso. Akaparua samaki wawili, wa tatu, kisha akaniuliza, "Shangazi, baba akishindwa, padre anaweza kusogeza harusi?" Nikamwambia padre ana ndoa saba siku hiyo, hasogezi. Akasema, "Basi ashinde." Akachukua samaki wa nne.

Ndiyo hivyo. Ashinde. Siri ya tatu hii hapa, ishike.

Siri iko kwenye macho ya mwenzako. Mpira unaopita magotini, mbali na mwili, huonekana mwepesi hata ukiutupa kwa nguvu zako zote, kwa sababu anauona njia nzima. Mpira unaopita karibu na kifua, chini tu ya kidevu, huonekana umetoka kuzimu, kwa nguvu ile ile, kwa sababu unakuja machoni. Mimi nilikuwa namtupia mtu chini, magotini, mara mbili, taratibu, mpaka ameinamisha macho na moyo umetulia. Halafu kifuani. Hakuwahi kuuona. Watu walidhani nina mkono wa shetani, na mimi nilikuwa nawaongoza macho tu, kama unavyomshusha mbuzi bondeni kwa majani.

Usiitumie mapema. Ukiionyesha asubuhi, jioni wanaijua. Ibakize kwa yule wanayemtegemea.

Usimpige mtu mbavuni.

Hedwiga

---

Kambi ya Barabara, Same
11 Septemba 1995

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo! Mkono wa kulia hauinuki, naandika nimeulaza mezani kama samaki, uvumilie mwandiko.

Barua yako ilifika Jumamosi tarehe 2. Wiki nzima nilikuwa namrushia Adrian nyuma ya jiko baada ya kazi: chini, chini, kifuani. Alilalamika kwamba kiganja chake kimekuwa kama chapati.

Jana wakaja kwa malori mawili. Kambi ya daraja wana mtu anaitwa Praygod, dereva wa kreni, Mchaga mwenye mikono kama mihimili. Miaka mitatu yeye ndiye aliyetumaliza. Alishuka kwenye lori rungu likiwa begani, akanitazama kilimani kwangu, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Huyu ndiye mrushaji? Mzee, nenda ukapumzike, utavunjika!"

Adrian akamjibu, "Huyu amefukuza ngedere wenye akili kukuzidi."

"Ngedere hawana rungu!"

"Na wewe hutalitumia."

Hata Wajapani waliosikia nusu yake walicheka.

Nilicheza kama ulivyoniambia. Nilificha mpira, nikaruka shimo la ngoro ambalo halipo, nikawavurugia kinu. Wanazungusha rungu mapema, wanazungusha wamechelewa, wanatukanana wao kwa wao. Praygod alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimpa wa uji, akakosa, akatema mate. Mara ya pili alingoja, akaupiga ukaenda mpaka kwenye mapipa ya lami, na watu wawili wakarudi nyumbani, pointi mbili. Lakini sisi nasi tulipiga. Karani wa stoo, yule wa mbavu, alipiga mpira mrefu kuliko wote na akakimbia kama amechomwa.

Ikafika raundi ya mwisho. Tunaongoza kwa pointi moja. Wao wana mtu kituo cha pili na mwingine cha tatu, wawili wametoka, amebaki mmoja, na mmoja huyo ni Praygod. Akiupiga tu, tumekwisha. Mkono wangu ulikuwa umekufa, dada. Sikudanganyi. Nguvu ya asubuhi ilikuwa imeondoka na nilijua hairudi. Bwana Mori akaja kilimani, akaniuliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwingine sina." Akarudi.

Praygod akasema, "Mzee, lete uji wako, nina njaa."

Nikampa chini, magotini, taratibu. Hakuupiga, mwamuzi akasema ni halali, kwa hiyo amekosa. Moja. Nikampa tena chini, taratibu zaidi. Aliupiga ukatoka nje ya mstari, na kwao huko nako ni kukosa. Mbili. Akatabasamu. Nikamwona macho yake yametua chini pale magotini kama kuku anayengoja punje, akavuta mguu mbele kidogo kuufuata.

Nikawaza Tadea na samaki wake. Basi ashinde.

Nikavuta hatua nikarusha kifuani.

Nakuapia, haukuwa na kasi. Ulikuwa mpira wa mzee aliyechoka. Lakini Praygod aliruka nyuma kama ameona nyoka, akazungusha rungu mpira ukiwa umeshalia ndani ya glavu ya Adrian. Kambi nzima ikalipuka. Walinibeba, mimi na mabega yangu yaliyochoka, wakanizungusha mpaka kwenye tangi. Karani alinibusu kichwani. Bwana Mori alisimama mbele ya injinia wa daraja, akainama kwa adabu sana, na alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka.

Praygod alinifuata baadaye, akanipa mkono. "Mzee, ule wa mwisho ulikuwa na kasi gani? Sijawahi kuona mpira kama ule."

Adrian akamwambia, "Ulikuwa wa polepole kuliko wa asubuhi."

"Mwongo!"

"Nimeudaka mimi."

Praygod hakuamini, na hataamini mpaka kufa. Nikamwambia umetoka kwa dada yangu wa Lipingo. Amesema anakuamkia.

Leo asubuhi nimeitwa ofisini. Karatasi ya likizo iko mfukoni, imepigwa muhuri, nimeigusa mara nyingi mpaka imeanza kuchakaa. Barua hii nampa dereva anayekwenda Songea kesho, naamini itanitangulia. Mwambie Tadea mwenyewe, kwa mdomo wako, usimwachie mtu mwingine, kwamba nimeshinda. Na mwambie kwamba safari hii nitapita mbele ya nyumba.

Likizo inaanza Ijumaa tarehe 22. Natarajia kushuka Mbinga Jumapili jioni, nilale kwa watu wa parokia, na Jumatatu tarehe 25, kabla jua halijawa kali, niwe nimepanda Mbuji kwa miguu. Mje mapema kutoka ziwani, wewe na shemeji na binti yangu. Nitakuwa nimefagia nyumba.

Mdogo wako,
Wendelin